Ndege Imeondoka Tanga

Vijana wangu mlioajiriwa mwaka jana kiwanjani, mkate mlioniletea nimeshaula na sukari bado ipo, kwa hiyo siwezi kuwakwepa tena. Mlisimama uani kwangu hapa Miono, mmoja wenu kashika simu tayari kulirekodi jibu, mkaniuliza: "Mzee Kibwana, kutoka Tanga mpaka kiwanja chetu ni umbali gani, na ndege inachukua dakika ngapi?" Nikasema nipeni muda nitaandika. Nimesoma mpaka darasa la nne, mkono unatetemeka, na mimi nikianza habari huwa sitokei mlango nilioingilia. Mnivumilie.

Jibu la simu mnalo. Kwa angani ni kilomita mia na ushee, na zile ndege ndogo zenye mabawa juu zinatumia nusu saa kasoro kidogo. Si jibu baya. Hata sisi tulilitumia. Lakini nusu saa hiyo kuna siku iliniogopesha kiasi kwamba mpaka leo simu ikilia asubuhi ya mvua, naiacha ilie kwanza ndipo niipokee. Nataka niwaeleze siku hiyo, kwa sababu kazi mliyoishika ni ya kusubiri, na kusubiri hamkufundishwa kwenye ile semina yenu.

Kiwanja mnakijua. Nyasi, mawe meupe pembeni, soksi ya upepo juu ya mlingoti, kibanda cha bati. Huku bahari, huku pori, na porini wako wenyewe: ngiri, kuro, nyani. Ndege ikija pale haikuti mnara wala mtu wa redio. Inakukuta wewe. Kwa hiyo mtu akisema dakika ngapi kutoka Tanga, mlinzi wa kiwanja hasikii dakika. Anajiuliza ni kazi ngapi atakazoziwahi kabla magurudumu hayajagusa chini.

Aliyenifundisha ni marehemu Mzee Pazi, Mzaramo mwembamba, mkali kama pilipili kichaa. Hakuwa na saa mkononi na hakuitaka. Alinifundisha hivi. Ukipata habari kwamba ndege imeondoka, panda pikipiki, nenda mpaka mwisho wa kiwanja urudi, honi juu ya honi, ngiri watoke. Ukirudi, shuka pale penye yale mabonde mawili yanayotuamisha maji. Kanyaga kwa kisigino, uzito wako wote. Kisigino kikiacha alama tu, sawa. Kikizama mpaka ukahisi ubaridi kwenye kifundo, ndege haitui hapo, peleka habari mbio. Halafu washa moshi, majani makavu chini na mabichi juu, rubani auone upepo unakoelekea hata kama soksi imelowa ikalala. Halafu vuta kizimamoto kutoka kibandani. Mwisho wa yote vua kofia, simama mbali na pikipiki, ufungue mdomo.

Ndiyo, mdomo. Chekeni tu. Mtu aliyefumba mdomo anajisikia mwenyewe, anavyopumua, anavyomeza mate. Akiufungua, sikio linakwenda mbali. Mzee Pazi alisimama pale mdomo wazi kama mtoto aliyesahau alichotumwa dukani, na mimi sijasikia chochote, yeye anasema, "Huyo anakuja." Na kweli, punde unakuja ule mlio, kama nyuki ndani ya kibuyu. Kazi zote hizo ukizifanya bila pupa na bila uvivu, zinaisha hapo hapo mlio unapoanza. Mzee Pazi aliniambia, "Tanga iko mbali kiasi hicho. Usiulize zaidi." Kwa ndege ya kutoka Dar ni karibu hivyo hivyo. Ya kutoka Unguja ungekimbia, maana ile ukisikia imeondoka tayari imekufikia.

Nimesema habari ya kuogopa, na kuogopa kwangu ndege kulianza hapo hapo kwa Mzee Pazi. Zamani simu za mkononi hazikuwapo kwetu. Habari ilikuja kwa redio ya ile hoteli ya watalii kule ufukweni, na karani wa hoteli akatuletea kwa baiskeli. Akipata pancha, ndege inamtangulia. Siku moja ilimtangulia. Tumekaa tunamenya mihogo, tunaona ndege hiyo juu yetu, inashuka, raundi hatujapiga. Usiku wa kuamkia siku ile ngiri walikuwa wamechimba shimo katikati ya kiwanja. Gurudumu likaingia, ndege ikainama kama mtu anayesujudu, panga la mbele, lile linalozunguka, likajikunja. Hakufa mtu, alhamdulillahi. Nilimtoa mama mmoja mgeni, akanishika shati kifuani. Hakulia, hakupiga kelele. Alinishika tu na kunitazama mpaka vidole vyake tukavibandua kimoja kimoja. Tangu siku ile nikasema mimi ndege nitazipokea, nitazisindikiza, nitaziosha vioo, lakini kupanda hapana. Miaka yote niliyofanya kazi pale sikupanda hata ya bure.

Sasa nije kwa Maganga, maana bila yeye hamtaelewa.

Simu zilipokuja, mtu wetu upande wa Tanga alikuwa Maganga, mjaza mafuta. Mnyamwezi. Mimi Mkwere. Ninyi wa siku hizi mkisikia watani mnadhani ni timu za mpira. Sisi utani wetu ni wa mababu, tangu Wanyamwezi walipokuwa wakiteremka na mizigo mpaka Bagamoyo na kuwakuta wenyeji wa pwani. Mtani wako anakutukana mbele ya mkweo na huna ruhusa ya kununa. Basi ndege ikishaacha ardhi ya Tanga, Maganga ananipigia:

"We Mkwere, toka kitandani, ndege imeondoka!"

"Mpagazi wangu, mzigo umeufunga au umeudokoa?"

"Nimeufunga. Nenda kawafukuze ngiri wenzio."

Anakata. Miaka na miaka, ni hivyo hivyo. Sikumbuki siku aliyosema tu "ndege imeondoka" kama mtu mstaarabu.

Lakini utani hauishii kwenye raha. Mzee Pazi alipofariki, Maganga alisafiri kutoka Tanga akatukuta makaburini. Hakutoa pole. Alisukuma watu, akaingia kaburini, akalala chali, mikono kifuani. "Hiki chumba changu, huyu Mzaramo akatafute kwake." Wazee wakambembeleza kwa kuku, akakataa, akataka wawili. Halafu, akiwa mle mle ndani, akatoa sauti ya Mzee Pazi. Si kama ya Mzee Pazi, ile ile: "Kibwanaa! Ngiri! Ngiri huyoo, umelala?" Mjane aliposikia akajifunika uso kwa kanga. Mimi nywele zilisimama. Watu wakacheka machozi yakiwatoka, na hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani: anamwiga marehemu, anamsema, anadai chake, ili wafiwa wapumue.

Kwa hiyo shikeni hili moja. Mtani atakutania siku njema, na atakutania siku ya kifo. Ukimwona amekaa kimya ujue hajui bado ni siku gani kati ya hizo mbili.

Haya, siku yenyewe. Ilikuwa masika. Mke wangu, Mama Zaituni, alikuwa Tanga kwa mdogo wake aliyejifungua, amemlea mpaka arobaini imekwisha, anataka kurudi. Tulikuwa tukikaa kwenye vile vyumba vya wafanyakazi nyuma ya kiwanja, ana kuku wake pale, na kuku wale aliwaulizia kila siku kabla ya kuniulizia mimi. Njia ya pwani kupitia Pangani ilikuwa tope tupu. Iliyobaki ni basi la Segera, ushuke njia panda ya kuingilia Miono, halafu bodaboda kwenye utelezi mpaka baharini. Nikamwambia kwa simu apande basi.

"Siku nzima, Baba Zaituni? Miguu ivimbe, na tope juu? Maganga anasema kuna ndege inakuja tupu kuchukua wageni hapo kwako. Rubani amekubali."

"Panda basi."

"Ndege inashuka mlangoni kwangu, mimi nizunguke Segera?"

"Mama Zaituni, mimi nazijua hizi ndege."

"Unazijua kwa kuziosha. Nifungulie kuku, nakuja."

Mwanamke huyu hajawahi kuogopa kitu. Nyoka akiingia jikoni anamwambia toka.

Asubuhi ile kwetu mvua ilikuwa imekatika, jua linachungulia. Kibandani alikuwepo Shukuru, dereva wa hoteli, kijana wa Chalinze, amewaleta wale wageni mapema na mabegi yao kisha akawarudisha kunywa chai. Akanisalimu, "Shikamoo mzee," nikaitikia, akakaa juu ya tairi na simu yake. Yangu ikalia.

"We Mkwere! Ndege imeondoka. Nimekutumia mkeo, nimemfunga nyuma pamoja na makarai."

"Mpagazi, amekaa vizuri?"

"Amekaa mbele na rubani, anamuuliza ameoa au bado. Nenda kafukuze ngiri."

Nikacheka, nikapanda pikipiki. Nikapiga raundi. Ngiri walikuwepo watatu, wakatoka. Nikakanyaga bonde la kwanza, alama. La pili, kisigino kiliingia zaidi ya nilivyopenda, lakini kifundo kikavu. Nikawasha moshi, ukapanda mnene, ukaelekea bara. Nikavuta kizimamoto. Nikavua kofia, nikafungua mdomo.

Kimya.

Nasikia mawimbi. Nasikia ndege wa kweli, wale wa mbuyuni. Kwa upande wa kaskazini, kule Pangani iliko, nikaona ukuta. Sisemi wingu. Ni ukuta, mweusi chini kuliko juu, umetoka baharini umeingia bara, hauna pengo. Nilipofika kiwanjani haukuwepo, au ulikuwepo na mimi nikawa natazama ngiri.

"Mzee," Shukuru anasema, "simu inaniambia Tanga na hapa ni dakika ishirini na tano. Imeshapita?"

"Imepita."

"Labda upepo wa mbele."

"Labda."

Upepo wa mbele unaongeza dakika, ni kweli, na kijana hakukosea. Nikajipa hiyo. Na mimi sikujua la kufanya, kwa hiyo nikafanya ninachokijua: nikaanza upya. Nikapanda pikipiki nikapiga raundi, honi juu ya honi, na ngiri hata mmoja hayupo. Nikakanyaga mabonde. Nikaongeza majani mabichi kwenye moto. Nikakigusa kizimamoto. Nikafungua mdomo. Nilijiambia, Kibwana, ukifika mwisho wa kazi hizi mlio utakuja, maana haujawahi kukosa kuja. Haukuja. Basi nikajua kwamba sasa ni kama amekuja kutoka Tanga mara mbili, na hayupo.

Nikampigia Maganga. Akapokea papo hapo, kama aliyekuwa ameshika simu mkononi.

"Maganga, imerudi?"

"Kaka Kibwana," akasema.

Vijana, kaka. Hajawahi kuniita kaka. Ameniita mvivu, ameniita mlevi wa ngoma, ameniita jina la ngiri. Sauti yenyewe ilikuwa ya chini, ya adabu, kama anaongea na imamu.

"Kaka Kibwana, hapa mvua imeanza. Watu wa mnara wanamwita rubani, hajibu. Subiri kwanza, kaka. Nitaku..."

Ikakatika. Nikapiga tena, yule dada wa kwenye simu akaniambia namba haipatikani. Nikapiga ya mke wangu, haipatikani, na hilo halikuniambia kitu maana kile kitochi chake huwa kinazima akikiangalia tu. Nikapiga ya Maganga. Haipatikani. Nikapiga. Nikapiga. Shukuru akainuka kwenye tairi, akanishika mkono wenye simu.

"Mzee, acha kupiga. Akikupigia atakuta uko bize. Na chaji yako iko ngapi? Utaimaliza."

Ilikuwa imebaki kidogo kweli. Mimi nilikuwa ninaichoma mwenyewe. Kijana yule akaichukua simu, akaichomeka kwenye gari lake, akawasha injini. Nikamwambia zima injini, sisikii. Akasema bila injini haichaji. Tukatazamana. Nichague masikio au simu. Nikamwambia basi peleka gari kule nyuma ya kibanda, ukae nayo wewe, mimi nibaki kiwanjani. Akaenda.

Nikabaki peke yangu na ule moshi.

Niwaambie hofu inavyofanya. Haiji yote mara moja. Kwanza nilifikiri vitu vidogo: kwamba kuku nimesahau kuwafungulia. Kwamba kanga aliyoondoka nayo ni ile ya njano. Halafu nikaanza kufikiri kama mtu wa kazi. Ndege ile ina mafuta ya saa kadhaa, kwa hiyo haijaishiwa. Ina kiti cha mbele, mke wangu yuko mbele, panga liko mbele, na nililiona panga lile limejikunja siku ya shimo. Baharini ikitua inaelea kidogo. Mama Zaituni hajui kuogelea. Nikajikuta nampangia namna ya kufungua mkanda, natamka kwa sauti, "Inua hicho kichuma, Mama Zaituni, inua kwenda juu," nikiwa nimesimama katikati ya nyasi, mwenyewe. Kisha nikamkumbuka yule mama aliyenishika shati. Nikajiuliza, mke wangu amemshika nani?

Nilipiga raundi ya tatu. Sikuhitaji. Nilipokanyaga bonde la pili, kisigino changu kilikwenda mpaka kwenye kifundo na maji ya baridi yakaingia kwenye kiatu. Nilikuwa nimelikanyaga mara nyingi mno, nimelitifua mwenyewe. Sasa hata angekuja, kiwanja nimemharibia. Nikapiga magoti, nikaanza kulishindilia lile tope kwa viganja, nikileta nyasi, nikileta mchanga kwenye kofia yangu. Mtu angeniona angesema mzee amerukwa na akili. Ukuta ule wa wingu ulikuwa umefika karibu, upepo ukageuka, moshi ukaanza kunijia usoni. Nikafungua mdomo kusikiliza, ukajaa moshi.

Hapo ndipo Shukuru alipokuja anakimbia, mkono mbele kama amebeba kifaranga. "Mzee! Maganga!"

Niliipokea kwa mikono ya tope. Na kabla sijasema haloo:

"We Mkwere mjane! Niandalie kuku wawili, na safari hii nataka majogoo!"

Nilikaa chini pale pale. Mmenielewa? Amerudi kwenye utani. Maana yake ameshajua. Na mtu anayejua anaweza kuwa amejua hili au lile, na kuku wawili ndio aliodai kwenye kaburi la Mzee Pazi.

"Maganga," nikasema, "utani wa wapi huu? Wa njiani au wa makaburini?"

Nikasikia mvua kwenye bati, nikasikia kishindo, halafu nikasikia sauti ya mke wangu, ile ile:

"Baba Zaituni, kuku umewafungulia?"

Nililia. Nasema wazi, sina wa kumwonea haya. Nilimkumbuka Maganga amelala kaburini anaita ngiri, nikajua ameshaanza kazi yake, ameshamwiga. Nikapiga kelele: "Maganga! Mwana wa mpagazi! Kama amekufa niambie amekufa, usinitolee sauti yake!"

"Nani amekufa?" ikasema ile sauti. "Mimi nimeshafika huku. Mbona sikuoni?"

Jamani. Mtu unayemlilia anakuambia nimeshafika huku, mbona sikuoni. Nikaitupa simu. Shukuru akaiokota kwenye nyasi, akaifuta tope kwa shati lake jeupe la hoteli, akaiweka sikioni. "Shikamoo mama," akasema, kijana mwenye adabu. Akasikiliza. "Mama, hapo ulipo ni Tanga." Akasikiliza tena. "Hapana mama, ni Tanga. Mmerudi." Halafu akaanza kucheka, akakaa chini karibu yangu, akabonyeza ile ya kupaza sauti.

Nikasikia sauti mbili kwa pamoja. Mke wangu anagomba, "Sasa mbona hukuniambia?" na Maganga nyuma yake anacheka mpaka anakohoa. Mwigaji awe hodari vipi, hawezi kugomba na kukohoa kwa koo moja. Hapo ndipo nilipoamini. Si kabla.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Wamefika usawa wa Pangani, rubani ameuona ule ukuta, akatoka baharini kuuzunguka, haukuwa na mwisho. Redio ikawa mikwaruzo tu. Akageuza, akarudi Tanga kwa kupita pembeni, taratibu, akatua kwenye mvua. Umeme na mtandao vimekufa mji mzima, Maganga akakaa na simu isiyoshika mpaka ilipoamka, wakati ndege ndiyo kwanza imetua. Na Mama Zaituni? Alilala. Aliyeniambia ni Maganga, kwa kiapo. Aliacha kumhoji rubani habari za ndoa walipopita tu mashamba ya mkonge, akaegemeza kichwa, akalala kwenda na kurudi. Magurudumu yalipogusa akaamka, akashuka, akamwona Maganga kasimama na mwavuli, akamwambia, "Na wewe umehamia kwetu?"

Alikuja kesho yake. Kwa ndege hiyo hiyo. Nilipiga raundi, bonde nilikuwa nimelijaza kokoto, nikawasha moshi, nikafungua mdomo, na mlio ukaja mahali pake. Alishuka na kanga ya njano, akautazama ule uwanja wa kuku, akaniuliza wamekuwaje wembamba hivi.

Sasa nimalize, maana karatasi inaisha na ninyi mnataka dakika.

Maganga amefariki masika yaliyopita. Mwanawe alinipigia alfajiri: maziko leo, alasiri, Tanga. Kwa basi nisingewahi. Na mtani hawezi kuzikwa bila mtani, angekwenda kule kimya, kama mtu asiye na wenyewe. Mama Zaituni akasema, "Ndege ipo asubuhi, nimeshaongea na hao vijana wako." Mnakumbuka, ninyi ndio mliotuweka. Mmoja wenu alinifunga mkanda kwa sababu vidole vilikataa. Mlidhani ni uzee.

Basi swali lenu hilo, mimi niliyelipima kwa pikipiki, kwa kisigino na kwa moshi maisha yangu yote, siku niliyolipita mwenyewe sikuliona. Tulipoacha ardhi nilifumba macho. Nilimshika mke wangu kanga kifuani, nikamshika vile vile kama yule mama aliyenishika shati. Tulipotua alivibandua vidole vyangu, kimoja kimoja. Nikamuuliza tumechukua muda gani. Akasema hajui, alikuwa amelala.

Makaburini walinishusha kwa mikono, magoti yangu hayarukii tena. Nikalala chali mle ndani. Udongo wa Tanga ni mwekundu, wa baridi. Nikadai kuku watatu, wakacheka. Halafu nikafungua mdomo, nikaikaza sauti mpaka ikatoka ya kwake, nikaita kwa nguvu zote: "We Mkwere! Toka kitandani, ndege imeondoka!"

Watu waliinua vichwa kwanza, kama wanaoitafuta angani. Kisha wakacheka, na mwanawe akajifunika uso. Waliponipandisha juu, Mama Zaituni aliwaacha wanawake kule pembeni, akaja akanikung'uta udongo mgongoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Umemweza," akaniambia. "Ungenipigia simu na sauti hiyo, hata mimi ningelia."